Gari Limeungua, Namba Imebaki

Mkaguzi wa bima alilizunguka gari mara moja tu. Alichungulia mahali palipokuwa na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, akagusa ukingo wa boneti kwa ncha ya kalamu, na unga wa rangi iliyoungua ukamwangukia kiatuni. Akaupangusa bila haraka. Kisha akamgeukia mwenye gari, rafiki yangu wa tangu ujana, akamuuliza kwa upole:

"Kaka, tukilipia haya yote, tutakuwa tumetengeneza gari au tumenunua namba?"

Rafiki yangu alikaa kimya. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni, la kumtetea, lakini kabla halijatoka nikaliona halina mashiko.

Namba aliyoitaja ni ya chasisi, ile inayolitambulisha gari. Swali hilo limenikera kwa wiki kadhaa sasa. Naandika ili nilitue.

Sitataja aina ya gari lenyewe. Nikiitaja tu, nusu yenu mtaiacha hoja na kuanza kubishana kama lilistahili kutoka kiwandani. Itoshe kusema ni gari la spoti la miaka ya sitini, viti viwili, bodi ya chuma, bloku (mwili wa injini) ya chuma cha kusubu, silinda hedi (kifuniko chake cha juu) ya alumini, na kabureta mbili zilizokaa juu ya ekzosi. Si adimu kiasi cha kugombewa na makumbusho. Si la kawaida kiasi kwamba kesho utapata jingine. Lingekuwa mojawapo ya hayo mawili, kusingekuwa na swali.

Moto nao ulikuwa wa kawaida, wa aina inayoua magari ya umri huu: mpira wa petroli uliozeeka ulipasuka karibu na kabureta, petroli ikadondokea ekzosi. Mipira ya enzi hizo haikutengenezwa kwa petroli ya leo yenye ethanoli. Hukakamaa, hupata nyufa kwa ndani, na kwa nje huonekana mizima. (Kama una gari la kabureta na hukumbuki mara ya mwisho kubadilisha mipira hiyo, acha kusoma ukaitazame. Makala itakusubiri.)

Kuna magari mashuhuri ambayo kila anayeyapenda anaijua hatari hii. Lamborghini Miura, iliyotengenezwa kuanzia 1966 hadi 1973, ina kabureta zilizosimama wima juu ya injini, nyuma kabisa ya visogo vya waliokaa ndani, na petroli inayofurika haina pengine pa kwenda ila kwenye joto. Miura zilizowahi kuungua na kujengwa upya ni nyingi. Hakuna anayesema hazikustahili.

Lakini hiyo ni Miura.

Anza na vilivyoyeyuka

Siku ya pili ya kulitazama gari nilikwenda na fundi tunayemwita Mzee, ambaye amenyoosha bodi tangu kabla mimi sijajua kuendesha. Nilidhani angeanza na injini. Akaanza na kitasa cha mlango.

"Anza na vilivyoyeyuka, mwanangu," aliniambia, "kisha tafuta vilivyokataa kuyeyuka. Joto liko katikati."

Vitasa vya magari mengi ya zamani ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu, na aloi hiyo huyeyuka chini kidogo ya nyuzi 390 za Selsiasi. Cha upande wa dereva kilikuwa kimelegea na kuning'inia kama ulimi. Cha abiria kilikuwa kizima, hata kromu yake haijababuka. Chini ya boneti, kabureta za alumini zilikuwa zimegeuka kidimbwi kilichoganda juu ya mwamba wa fremu. Alumini safi huyeyuka nyuzi 660, na aloi zake nyingi huanza kabla ya hapo. Bomba dogo la shaba lililopita palepale lilikuwa limesimama. Shaba inahitaji nyuzi 1,085.

Kwa hiyo mbele kabisa joto lilikuwa kati ya hizo mbili. Hakuna wa kushangaa. Moto wa gari hupita nyuzi 800 bila shida.

Kilichonigeuza mawazo kilikuwa mshono. Kwenye maungio ya bodi za zamani, viwanda vilijaza mchanganyiko wa bati na madini ya risasi ili paonekane pamoja, na mchanganyiko huo huanza kulainika ukifika nyuzi 183 hivi. Mzee alikwangua rangi mbele ya mlango: ujazo ulikuwa umetiririka na kuacha ufa. Akakwangua nyuma ya mlango, karibu na tairi la nyuma. Ulikuwa umekaa palepale ulipowekwa kiwandani, na alama za tupa bado zinaonekana.

Yaani kutoka nyuma ya mlango kurudi nyuma, gari hili halikuwahi kufika hata nyuzi 200.

Tangu mkaguzi alipokuja, sote tulikuwa tunasema "gari limeungua". Kumbe limeungua mbele. Huku nyuma lilipigwa na moshi tu, na sehemu hizo mbili hazidaiani hesabu moja.

Chuma kinachosahau na chuma kinachokumbuka

Kuna imani kwamba chuma kilichopitiwa na moto kimekufa. Nimeisikia kwa mafundi wazuri kabisa. Ni kweli kwa baadhi tu.

Bati la bodi ni chuma laini. Likifika karibu nyuzi 600 hupoteza kama nusu ya nguvu yake, ndiyo maana boneti hulala kwa uzito wake yenyewe. Likipoa, nguvu hurudi karibu yote. Umbo ndilo halirudi. Bati lililojikunja linaweza kugongwa, kuvutwa, au kukatwa na kuwekwa jingine, na hiyo ni kazi ya kawaida ya fundi bodi, hata kama ni ndefu.

Vyuma vya kuogopwa ni vile ambavyo ugumu wake ulitengenezwa kwa joto. Springi, boliti za nguvu, meno ya gia, beringi: hivi vyote vilipashwa na kupozwa kiwandani kwa vipimo, na moto wa barabarani hauna vipimo. Huvipasha tena na kuvinyang'anya kile vilichopewa. Kwa macho hakibadiliki chochote, labda rangi. Chuma safi kikifika nyuzi 220 hivi huwa na njano hafifu, na kikikaribia 300 huwa buluu. Ukiona buluu kwenye beringi usiibembeleze. Springi nayo itaonekana nzima ikiwa mezani, halafu gari likishushwa chini inalala na hainyanyuki tena.

Silinda hedi ni hadithi nyingine. Watu huweka rula juu yake, wakiona imenyooka wanashukuru. Lakini hedi nyingi za alumini hupewa ugumu kwa joto, na ugumu huo huanza kupotea ukipita nyuzi 200 na kitu, mbali sana na kuyeyuka. Hedi inaweza kuwa imenyooka kabisa na bado ikawa laini kiasi kwamba viti vya vali vitalegea injini ikishika joto. Inahitaji kipima ugumu, si rula. Bloku ya chuma cha kusubu huvumilia zaidi, ila ina adui mmoja: maji ya baridi. Mpira wa zimamoto ukiilenga ikiwa bado nyekundu inaweza kupasuka ufa usioonekana mpaka upakwe unga wa chuma na kupitishiwa sumaku.

Na kuna madini ambayo hayana mjadala. Porsche 911 nyingi za tangu mwisho wa miaka ya sitini hadi 1977 zilikuwa na kreki kesi, ganda la injini, ya magnesiamu. Magnesiamu haisubiri kuyeyuka tu. Huwaka, na maji huichochea. Ikishika moto sawasawa, unabaki na unga mweupe.

Moto uliozimwa unaendelea

Hili sikulijua vizuri kabla ya gari hili, na ningependa kila mwenye gari la zamani alijue.

Nyaya za umeme zimefunikwa kwa PVC. PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, na gesi hiyo ikikutana na unyevu huwa asidi, ileile kali ya maabara ya shule. Inatua kila mahali moshi ulipotua. Ndiyo maana bampa ya nyuma, ambayo moto haukuigusa, ilikuwa imeanza kupata vidoa vya kutu kwenye kromu yake. Unga wa kizimamoto nao ukikaa kwenye unyevu hula alumini. Gari linaendelea kuharibika gerejini huku mwenyewe anasema "ngoja kwanza moyo utulie".

Kuosha ni kwa siku za mwanzo, tena kwa sabuni na maji mengi, pamoja na sehemu zinazoonekana safi. Na kwa barakoa: breki, gasketi na vitambaa vya kukinga joto vya enzi hizo vilikuwa na asbesto, na vikiungua huwa vumbi.

Rafiki yangu alisubiri. Simlaumu. Alikuwa anaomboleza.

Hesabu, na matundu

Wahenga walisema moto huzaa jivu. Kwa mwenye gari la zamani, moto huzaa hesabu.

Ya bima ni rahisi: gharama ya kutengeneza dhidi ya thamani ya gari, ya kwanza ikiizidi ya pili gari linaandikwa hasara kamili na mjadala umekwisha. Mwenye gari ana hesabu yake, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu hana pa kuiishia. Anajilinganisha na mtu anayenunua gari la aina ileile, halijaungua ila limeliwa na kutu, na kujiuliza nani atafika mapema.

Nilikuwa nikiamini wanafika sawa. Siamini tena, na sababu yake si bei ya injini wala bodi. Vitu vikubwa vinapatikana; kuna watu duniani wanaotengeneza upya mabawa, sakafu, hata bodi nzima za magari mengi maarufu. Kinachofilisi ni vidogo: kibanio cha waya, swichi ya taa, ringi ya mpira inayopita kwenye tundu la bati, bati dogo linaloshika kebo ya mwendo. Gari lenye kutu linazo zote, zikiwa zimechakaa. Unaitoa, unaitazama, unatengeneza au kununua mfano wake. Lililoungua halina. Unasimama mbele ya tundu lenye ukubwa wa kidole, unajua kabisa kwamba paliingia kitu, na hujui ni kitu gani.

Kutu inakuachia kielelezo. Moto unakuachia tundu.

Kwa hiyo karibu kila anayefufua gari lililoungua huishia kununua gari la pili la aina ileile ili alivue vipuri. Ndipo swali la mkaguzi linapoanza kuuma. Ukihamisha injini, dashibodi, nyaya, milango na nusu ya mbele kutoka gari B kwenda gari A, ni kwa nini unaliita A?

Kwa sababu ya namba.

Dola milioni moja na zaidi

Agosti 2023, kwenye mnada wa Monterey, California, Ferrari 500 Mondial ya 1954 iliuzwa kwa dola 1,875,000. Picha zake mmeziona: gombo la alumini lililokunjwa, kutoboka na kubabuka, bila taa, bila kiti, bila magurudumu ya kusimamia. Ilipata ajali na kuungua miaka ya sitini na ikakaa hivyo tangu wakati huo.

Watu walicheka mtandaoni. Mimi nilicheka pia, kisha nikasoma kilichouzwa. Ilikuwa moja ya 13 zilizovikwa bodi ya wazi na Pinin Farina, watengeneza bodi wa Italia. Dereva Franco Cortese aliikimbiza kwenye Mille Miglia, mbio za barabarani za Italia, ya 1954. Iliuzwa pamoja na giaboksi yake ya asili na injini ya aina iliyotumika kwenye Ferrari nyingine ya familia hiyohiyo.

Mnunuzi hakununua gari, hilo ni wazi. Alinunua haki ya kujenga gari na kuliita hilo. Jibu la swali la mkaguzi, kwa Mondial, ni "namba", bila kupepesa macho, na pesa zikatoka.

Mfano huu hunukuliwa na kila mwenye gombo gerejini kwake, na rafiki yangu aliunukuu kabla majivu hayajapoa. Lakini ukiutazama vizuri unamkataa. Mondial ile ina thamani hata ikiwa gombo kwa sababu zilizotengenezwa zinahesabika, na kila mbio iliyoshiriki imeandikwa. Gari la rafiki yangu halina historia ya mtu yeyote ila yake. Alilinunua, akaliendesha, akamchumbia mkewe ndani yake. Hilo halimo kwenye rejista yoyote, wala hakuna mnada utakaolilipia.

Ingawa kwake ndilo lote.

Bentley mbele ya jaji

Nilipokwama hapo nikakumbuka kesi ya Old Number One.

Ni Bentley Speed Six iliyoshinda Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, mwaka 1929, ikarudi na kushinda tena 1930. Baadaye ilibadilishwa sana: ikawekwa injini ya lita 8, mwaka 1932 ikapata ajali ya kuua kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza, ikajengwa tena na kuvikwa bodi nyingine. Miongo ikapita. Kampuni moja ikakubali kuinunua kwa pauni milioni 10, kisha ikagoma, ikidai kwamba hii si ile. Vipande vilivyobaki kutoka gari la Le Mans ni vichache mno. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko London iliamua kwamba ni yenyewe. Si kwa sababu vyuma ni vilevile, maana havikuwa. Ni kwa sababu haikuwahi kukoma kuwepo: kila badiliko lilifanywa kwenye gari lililokuwa hai, likijulikana, na hakukuwa na gari jingine duniani lenye haki ya kuitwa hivyo.

Hukumu hiyo nimeipenda tangu niliposoma habari zake mara ya kwanza. Kwa siku kadhaa niliamini imemaliza mjadala wetu: gari ni mwendelezo, moto ni tukio moja ndani ya mwendelezo huo, karabati, endelea.

Halafu nikaanza kuitilia shaka. Bentley ile ilibadilika kidogokidogo kwa sababu ilikuwa inatumika. Sisi tunataka kubadilisha vingi kwa mpigo, kutoka kwenye gari jingine lenye maisha yake. Gari B nalo lilikuwa na mwendelezo. Lilikuwa na mtu aliyechumbia ndani yake, pengine. Tukilimeza, namba yake inakwenda wapi?

Nilipofika hapo ndipo nikapata kipimo ninachokiamini sasa. Hesabu magari yaliyoingia gerejini, hesabu yaliyotoka, kisha tazama namba zilizobaki mezani. Yakiingia mawili likatoka moja, na namba iliyobaki ikafutwa mbele ya mamlaka na kuandikwa kwenye kumbukumbu za gari, sina ugomvi na mtu. Namba ya pili ikibaki kwenye droo "isipotee", hapo nina ugomvi mkubwa, maana namba ya droo haikai. Siku moja inapata bodi.

Hata viwanda vimecheza mchezo huu, ingawa hadharani. Tarehe 12 Februari 1957 kiwanda cha Jaguar cha Browns Lane, Coventry, kiliungua, na gari za spoti za XKSS tisa kati ya 25 zilizopangwa zikateketea. Mwaka 2016 Jaguar ikatangaza itazijenga hizo tisa. Hakuna aliyedanganywa: kila mtu anajua hizo ni za karne hii. Wanaozipenda wanazipenda hivyo, wengine wananung'unika, na 16 za mwanzo zinabaki 16.

Matano yaliyoachwa

Tarehe ileile, 12 Februari, lakini mwaka 2014, ardhi ilititia chini ya Makumbusho ya Taifa ya Corvette, gari la spoti la Marekani, huko Bowling Green, Kentucky, na kumeza magari manane. Haukuwa moto, lakini uamuzi uliofuata ni somo la moja kwa moja. Manane yakatolewa shimoni. Matatu yakakarabatiwa. Matano yakaachwa yalivyo, yamebondeka, na yanaonyeshwa hivyo hadi leo.

Moja ya yale matatu ni Corvette ya milioni moja kutengenezwa, ya 1992. Wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wamesaini kwenye vipande vyake, na waliolikarabati walihangaika kuokoa vipande vyenye saini hata pale ambapo kipya kingekuwa rahisi zaidi. Nimelifikiria sana hilo. Walijua ni nini kinacholifanya gari lile kuwa lenyewe, wakalinda hicho kwanza, na mengine yote wakayaona ni vyuma.

Nilimpelekea rafiki yangu habari hiyo na kumuuliza: kwenye lako, saini iko wapi?

Nilitarajia aseme usukani, au kiti. Akasema: "Bwana, ni ule mlango wa abiria."

Ule wenye kitasa kizima.

Bati lenye namba

Kwa hiyo jibu langu kwa mkaguzi ni hili: tutakuwa tumetengeneza gari. Kuanzia nyuma ya mlango lipo, na siyo kwa maneno. Mshono wa kiwandani umeshuhudia. Mbele litajengwa upya, kama ambavyo lingejengwa upya baada ya kugonga ukuta, na hakuna ambaye angeuliza habari za namba kama lingegonga ukuta.

Ningependa kuishia hapo. Lakini gari hili lina kejeli yake.

Namba ya chasisi imepigwa muhuri kwenye bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva. Katika gari zima hakuna bati lililoungua kuliko hilo. Limejikunja, limeota magamba, na tarakimu mbili zinasomeka tu ukimulika tochi kwa ubavu. Bati pekee linalothibitisha kwamba gari ni lenyewe ndilo ambalo fundi yeyote mwenye akili angelitupa.

Njia ya mkato inajulikana: kata kipande chenye namba, weka bati jipya, chomelea kipande juu yake, piga rangi. Katika nchi nyingi kugusa namba ya chasisi bila kibali ni kosa la jinai, na hata pale palipo na kibali, mnunuzi wa kesho atauona mshono wa kuchomelea kuzunguka namba na kufikiria jambo moja tu. Njia nyingine ni kupiga mchanga bati zima lisafike, na mchanga huo utafuta tarakimu zile mbili kabla hujahesabu hadi kumi.

Mzee alikataa zote mbili. Alipiga picha kutoka pande zote, akaweka karatasi juu ya namba na kuisugua kwa penseli mpaka tarakimu zikatoka, akasaini karatasi na kumpa mwenye gari. Anataka bati lote lisafishwe kwa dawa, si mchanga, kisha linyooshwe kwa mkono pale lilipo. "Halitanyooka lote," alisema. "Litabaki na mawimbi. Mwache anayefungua boneti ayaone."

Rafiki yangu anataka yajazwe na kulainishwa. Anasema hakufika umbali huu ili gari lake lionekane limeungua. Namuelewa, na nimesimama upande wa Mzee. Mawimbi kwenye bati hilo ni ushahidi ambao cheti hakiwezi kuutoa: kwamba chuma kilichopigwa muhuri kiwandani ndicho hiki, na kilipita kwenye moto. Ukikijaza, umebaki na namba safi juu ya bati safi, na hiyo hata mwizi anayo.

Hilo hatujakubaliana, na sidhani kama tutakubaliana kabla ya rangi. Tuliyokubaliana ni mengine. Springi, beringi za mbele na kila boliti ya usukani zinatupwa bila kupimwa. Hedi inapimwa ugumu. Ikishindwa, inatafutwa nyingine, hakuna kuibembeleza. Akinunua gari la kuvua vipuri, litakuwa ambalo tayari limefutwa usajili, na risiti yake itakaa kwenye jalada moja na picha za moto. Jalada litauzwa pamoja na gari, kama litauzwa.

Kabla ya yote hayo, gari linapandishwa kwenye jigi, fremu ya kupimia, na kupimwa mishazari kutoka mwamba wa mbele hadi vishikio vya springi za nyuma. Kama tofauti inazidi kile ambacho kitabu cha kiwanda kinaruhusu, maana yake joto lilivuta fremu zaidi ya tunavyoona, na Mzee ameshasema yeye hataivuta fremu iliyoungua ili imbebe mtu kwa kasi. Kipimo kikikataa, giaboksi, difu, milango na bodi ya nyuma vitakwenda kwa wenye magari ya aina hiyo, ambao wawili wameshapiga simu kuulizia giaboksi, na bati lenye namba litapelekwa kwa mamlaka pamoja na kadi ya gari. Rafiki yangu ameandika hivyo kwa mkono wake kwenye makubaliano na gereji, chini ya bei ya kupima.